Kazi Isiyoandikwa: Mdosi, Mfanyakazi na Maombi ya Pembeni Raila na Kawangware

Kila siku ya kazi, kabla ya saa moja asubuhi, njia zinazotoka Kibera, jijini Nairobi, kuelekea Lang'ata, Ngumo na Kilimani hujaa watu wanaokwenda kwa miguu. Kawangware ni hivyo hivyo: wengi hufuata barabara ya Gitanga kuelekea Lavington, wengine hukata kwenda Kileleshwa. Humo mna mama fua, soja wa zamu ya mchana, yaya, mpishi, kijana wa bustani, dereva. Kila mmoja ana kazi anayojulikana nayo. Makala hii inahusu kazi ile nyingine, ambayo mdosi huiomba akiwa tayari ameshika ufunguo wa gari na kwa sauti ya upole: "Nisaidie tu kidogo."

Maombi yenyewe hayafanani. Pitia sokoni unichukulie mboga. Jumapili tuna wageni, uje. Mama yangu amelazwa, kalale naye wodini leo. Nisajilie laini kwa kitambulisho chako. Baba watoto akiuliza, mwambie nilikuwa hapa mchana kutwa. Nikopeshe elfu mbili, nitakurudishia na mshahara. Moja ni jambo la dakika tano na jingine linaweza kumfikisha mtu kortini, ila yote huja kwa mlango mmoja na kwa maneno yale yale, na ndiyo maana ni vigumu kuyatenganisha papo hapo.

Ushauri unaotolewa kwa kawaida ni wa watu wa ofisi. Weka mipaka, kataa kwa heshima, andika barua kwa idara ya wafanyakazi. Kwa mkaaji wa Raila, kijiji kimoja kati ya vijiji vya Kibera pamoja na Gatwekera, Kianda, Lindi, Laini Saba na vinginevyo, ushauri huo hauna pa kushika. Nyumba anayofanyia kazi haina idara ya wafanyakazi. Mdosi ndiye mwajiri, ndiye mlipaji, ndiye shahidi wa yaliyotokea, na ndiye atakayepigiwa simu na jirani anayetafuta mtu wa kazi. Anayekataa hukataa mbele ya hao wote kwa mpigo.

Tutazame siku moja ya mama fua kwa karibu. Kwenye simu walikubaliana nguo za wiki, kwa malipo ya siku. Anafika saa mbili, anapewa mabeseni mawili, sabuni ya unga na Jik. Anatenga nyeupe na za rangi, analoweka, anaanza. Saa nne, mkupuo wa kwanza uko kwenye kamba. Hapo mwenye nyumba anatokea na mablanketi mawili, "kwa sababu leo maji yapo," na ni kweli, Nairobi maji huja kwa mgawo. Saa sita ni viatu vya shule vya watoto. Saa nane ni zulia la sebuleni, ambalo likishalowa halibebwi na mtu mmoja. Saa kumi jioni, akisubiri alipwe, anaombwa amtazame mtoto kidogo mama afike dukani. Mama anarudi saa kumi na mbili kasorobo. Pesa inaingia kwa M-Pesa: ile ile ya asubuhi, bila ya kutolea. Pamoja nayo anafungiwa nusu mkate na fulana mbili ambazo zimeshambana mtoto wa nyumba.

Katika hayo yote hakukataa hata moja. Anayetaka kujua sababu asianzie siku hiyo, aanzie Januari, shule zilipofunguliwa. Mwenye nyumba huyo ndiye aliyemtolea advansi ya sare. Mwaka jana, mtoto wa mama fua alipougua usiku, ndiye aliyepigiwa simu. Kabla ya hapo alimpa godoro. Kwa hiyo zulia halikuombwa na mtu baki; liliombwa na mtu anayemdai, ingawa deni lenyewe halijaandikwa popote wala halina tarehe ya kwisha.

Mfanyakazi wa Raila au Kawangware haogopi kusema "hapana" kwa sababu ya unyonge wa roho, wala hakosi maneno. Kwa mdosi kuna benki yake, bima yake na mdhamini wake, na benki hiyo haina kanuni zaidi ya hali ya moyo wa mwenyewe. Mazungumzo yoyote kuhusu mipaka yasiyoigusa benki hiyo ni maneno matupu.

Lakini kwa nini mdosi awe benki? Hapa hesabu inasaidia. Tangu tarehe 1 Novemba 2024, kima cha chini cha mshahara jijini Nairobi kwa kundi ambalo sheria inaliita vibarua wa jumla ni shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Kundi hilo linajumuisha mtumishi wa nyumbani, yaya, mtunza bustani, mfagiaji na mlinzi wa mchana. Asiyepewa nyumba ya kulala anaongezewa asilimia 15 ya marupurupu ya nyumba, jumla inafika takriban shilingi 18,530. Juu yake kuna michango ya akiba ya uzeeni ya NSSF na bima ya afya ya SHA, siku moja ya mapumziko katika kila siku 7, na likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Saa za kawaida ni 52 kwa wiki ya siku 6. Zikizidi, kila saa hulipwa mara moja na nusu, na siku ya mapumziko au sikukuu mara mbili.

Nyumba nyingi zinazoajiri watu kutoka mitaa hii hazilipi hayo kwa ukamilifu. Pengo linalobaki ndilo linalozibwa na fadhila. Asiyewekewa bima ya afya hupewa pesa za dawa akiugua, ikiwa mdosi yuko vizuri. Asiyelipwa saa za ziada hupewa nguo kuukuu. Yule aliyekosa akiba ya uzeeni huahidiwa kwamba "hatutakusahau". Na kwa kuwa alichopewa kinaitwa msaada, naye akiombwa msaada hana uso wa kuuliza bei. Akithubutu kuuliza, ataambiwa kwamba asante ya punda ni mateke.

Kibera inaijua hali ya kuishi kwa fadhila badala ya haki kuliko pengine mtaa mwingine wowote wa Nairobi. Wakaaji wake wa kwanza walikuwa askari Wanubi wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles pamoja na jamaa zao. Mwaka 1918 eneo la ekari 4,197 lilitengwa kwa ajili ya jeshi hilo, na askari waliostaafu wakaruhusiwa kujenga humo kama shukrani ya utumishi wao. Walipewa ruhusa, hawakupewa hatimiliki. Ruhusa ile ilipunguzwa mwaka baada ya mwaka, ardhi ikamegwa, mitaa mingine ikajengwa juu yake, na aliyelalamika alikumbushwa kwamba alikaa kwa hisani ya serikali. Ilichukua hadi Juni 2017 kwa jamii ya Wanubi kukabidhiwa hati ya ekari 288. Muda wa karibu karne moja ulipita kati ya asante na hati. Wapangaji wanaoishi leo Raila na vijiji jirani hawakurithi historia hiyo kwa damu, lakini wanaishi juu ya udongo wake, na kazini wanakutana na jambo lile lile.

Upande wa kazi nao una urithi wake. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya 1906 ilifanya ukaidi wa mtumishi kuwa kosa la jinai: aliyekataa amri halali ya bwana wake aliweza kutozwa faini au kufungwa. Baadaye kipande kilichovaliwa shingoni kikamfuata mfanyakazi popote, kimeandikwa mshahara wake na waajiri wake. Mpinzani wa ukoloni Harry Thuku alipokamatwa mwaka 1922, miongoni mwa mambo aliyokuwa akiyapigia kelele ni kipande hicho na kulazimishwa kwa wanawake na wasichana kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Wakati ule mpaka kati ya kazi ya mtu na mapenzi ya bwana haukuwepo kisheria.

Sasa upo. Katiba ya 2010, ibara ya 30, inakataza utumwa na kazi ya kulazimishwa, na ibara ya 41 inampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki na mazingira ya kazi yanayofaa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, inamruhusu mwajiri kumfukuza papo hapo mfanyakazi anayekataa amri kwa makusudi, ila inaweka masharti mawili ambayo kila anayetoka Kawangware kwenda Lavington angestahili kuyajua kwa moyo: amri iwe halali na ya kufaa, na iwe ndani ya wajibu wa kazi yake. Dereva akikataa kumpeleka mdosi kazini, amekataa kazi. Dereva huyo huyo akikataa kwenda kuchuma chai kwenye shamba la shemeji ya mdosi, hajakataa kazi, kwa kuwa haikuwa yake.

Basi tatizo liko wapi? Liko katika kujua wajibu wenyewe ni upi. Sheria inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, uonyeshe kazi anayotakiwa mtu kuifanya, na ukibadilishwa mfanyakazi ashauriwe kwanza kisha aarifiwe kwa maandishi. Jukumu la kuuandika ni la mwajiri. Nyumbani mambo hayaendi hivyo. Msichana huletwa na shangazi au wakala, huonyeshwa jikoni na chumba cha mtoto, na mkataba unaishia hapo. Kazi yake ni "kazi ya nyumba", na nyumba haina mwisho: leo ni kupika na kulea, kesho kuuza maziwa ya mdosi kwa majirani, keshokutwa kumuuguza nyanya aliyeletwa kutoka mashambani. Kima cha mshahara nacho hakimwokoi, kwani mlezi, mfuaji, mtunza bustani na mlinzi wa mchana wote wamo katika daraja moja. Akiongezewa kazi tatu, daraja halipandi. Tanzania ilijaribu njia nyingine katika amri yake ya mishahara ya 2022, ikawagawa wafanyakazi wa nyumbani kwa kuangalia mwajiri ni nani, kama ni mwanadiplomasia au mfanyabiashara mkubwa, na kama mfanyakazi analala kwa mwajiri au la. Nayo bado haikugusa wingi wa kazi.

Hata hivyo kuna kipengele kimoja kinachonipa moyo. Shauri likifika mahakamani na mwajiri akashindwa kutoa mkataba wa maandishi, kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira kinamtwika yeye mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa. Kukosa karatasi, ambako wafanyakazi wengi hukuona kama udhaifu wao, kwa kweli ni kosa la mwajiri. Wanaolijua hilo Raila ni wachache, nami nadhani lingefaa kutangazwa makanisani, misikitini na katika vikao vya vikundi vya akiba kila mwezi.

Soja wa ghorofa yuko katika hali tofauti kidogo, na inastahili kutazamwa peke yake. Mwajiri wake ni kampuni ya ulinzi. Kampuni inalipwa na mwenye jengo au wakala wake. Wapangaji hawamlipi soja chochote, lakini wao ndio wanaomwamrisha kutwa: osha gari, nipandishie mtungi wa gesi ghorofa ya nne, pokea mzigo wa boda, watazame watoto wasitoke getini. Ana wadosi 30 na hakuna hata mmoja aliyemwajiri. Akipanda na mtungi, geti linabaki wazi, na kikiibwa kitu ni yeye atakayeulizwa. Kampuni nyingine hukimbilia kukata mshahara, ingawa kifungu cha 19 kinaruhusu makato ya hasara iliyotokana na uzembe wa kukusudia, si kila hasara iliyotokea zamu yake. Na bado soja hataki maombi hayo yaishe. Gari moja likioshwa ni pesa ya chakula cha jioni, na wapo wanaojipatia kwa kuosha magari kiasi kinachowatunzia familia mwisho wa mwezi. Haja zake ni mbili tu: alipwe bei inayojulikana, na aoshe baada ya zamu au wakati mwenzake yuko getini. Mwenye jengo anaweza kulimaliza jambo hili kwa tangazo la mistari miwili kwenye ukuta wa lango.

Walimu wa shule za kibinafsi za bei nafuu zilizotapakaa Kibera na Kawangware hufungwa kwa kamba nyingine: malimbikizo. Karo hulipwa kidogo kidogo, mshahara nao hutoka hivyo hivyo, na mwalimu anayedai miezi miwili hawezi kumkatalia mkurugenzi anayemtaka afundishe mtoto wake jioni, ahudhurie harambee ya kanisa lake, au azunguke mlango kwa mlango Desemba kutafuta wanafunzi. Anayedai ndiye anayetumikishwa. Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliozinduliwa kitaifa mwaka 2023 wakiwa 100,000 kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nao huombwa kukusanya watu kila mgeni wa shirika au wa siasa anapokuja. Kazi yao huchukuliwa kuwa ya kujitolea, kwa hiyo kila ombi hupata pa kujificha.

Yapo maombi ambayo hayafai kujadiliwa bei, na hapa nasema bila kupepesa. La kwanza ni kitambulisho. Tangu 2013 serikali hutenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa kampuni za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na kwa sababu hiyo kijana wa kazi huweza kuombwa jina, kitambulisho na namba ya kodi ya KRA ili kampuni ya mdosi isajiliwe kwake. Faida haitakuwa yake, ila kodi, mikopo na kesi vitabeba jina lake. Laini ya simu iliyosajiliwa kwa ajili ya mwingine ni hatari ya aina hiyo hiyo. La pili ni kumkopesha mdosi, pamoja na kumchukulia mkopo wa simu. Mshahara uliocheleweshwa tayari ni mkopo ambao mfanyakazi hakuulizwa kama anataka kuutoa, na hapaswi kuongeza mwingine juu yake. La tatu ni uongo: kumdanganya mume, mke, polisi au mwenye nyumba kwa niaba ya mdosi. Wakipatana wao kesho, wa kufukuzwa ni aliyetumwa.

La nne ni mwili. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira kinamkataza mwajiri kumtaka mfanyakazi kimapenzi kwa ahadi au kwa kitisho, na kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 kinaweka kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili, kwa mwenye mamlaka anayeshikilia kufanya hivyo. Mwajiri mwenye watu 20 au zaidi ndiye anayetakiwa kuwa na sera ya maandishi. Nyumba yenye mfanyakazi mmoja haina sera, lakini katazo lenyewe linaifikia. Ombi la namna hii mara nyingi huanza kama msaada mdogo: nikande mgongo, niletee chai chumbani. Mwanamke anayeona linakoelekea ana haki ya kuondoka siku hiyo hiyo, na atakayempokea Raila asimwulize kwanza kwa nini ameacha kazi.

Anayetaka kuona maombi ya pembeni yanafika wapi pasipokuwa na kizuizi, atazame Ghuba, ambako wengi wa mitaa hii wameenda au wana ndugu. Chini ya mfumo wa kafala, kibali cha kukaa cha mfanyakazi hufungwa kwa mwajiri. Ripoti ya Human Rights Watch ya 2017 kuhusu wanawake wa Tanzania waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu ilieleza saa ndefu mno za kazi, pasipoti zilizoshikwa na mishahara iliyozuiwa. Malalamiko ya Wakenya waliotoka Saudi Arabia yamekuwa ya namna hiyo hiyo, na mojawapo linalorudiwa ni hili: unaajiriwa nyumba moja, unajikuta unasafisha tatu, ya mdosi, ya dadake na ya mamake, kwa mshahara mmoja. Ni ombi lile lile la "nisaidie kidogo", isipokuwa aliyeombwa hana geti la kutokea. Nairobi nayo ilionja kidogo mwaka 2020, korona ilipoingia. Waajiri wengine waliwaambia wafanyakazi wao wasirudi Kibera wala Kawangware wasije wakaleta ugonjwa, na walioitikia wakakaa miezi bila kuwaona watoto wao, huku kazi ikiongezeka kwa kuwa nyumba nzima ilikuwa ndani.

Nisieleweke kwamba kila anachoomba mdosi ni dhuluma. Tunaishi kwa kusaidiana, na nyumba ambamo watu wamekaa pamoja miaka kumi haiwezi kuendeshwa kwa saa na risiti. Mdosi akifiwa, yaya hukesha jikoni bila kuuliza malipo, na yaya akifiwa, mdosi huchanga, humpa ruhusa, hata husafiri hadi mashambani kwa mazishi. Hilo ni jambo jema na ningesikitika likipotea. Tofauti hujulikana kwa maswali mawili. Je, angekataa, pangetokea nini? Na je, yeye akiomba, hupewa? Mahali ambapo mtu anaweza kusema "leo siwezi, mwanangu ni mgonjwa" na kesho yake akakuta uso ule ule mlangoni, hapo pana usaidizi wa kweli. Mahali ambapo ombi huenda upande mmoja tu, na jibu la "siwezi" hufuatwa na kununiwa, makato au kutafutwa mtu mwingine, hiyo ni kazi isiyolipwa.

Kwa anayeombwa, ninaona njia chache zinazofanya kazi mitaani, na zote huanza mara ya kwanza, si ya kumi. Kazi iliyofanywa bure mara tatu huwa imeshahesabiwa kuwa sehemu ya mshahara. Mama fua wenye uzoefu huuliza kwenye simu kabla ya kupanda matatu: "Ni nguo peke yake, ama kuna mablanketi na zulia?" Swali hilo halimwudhi mtu, na linaweka bei mahali pake. Kwa aliye na mshahara wa mwezi, jibu linaloshika ni kumrudishia mdosi uamuzi: "Sawa madam, nikienda sokoni sasa, chakula cha mtoto kitachelewa. Nianze na gani?" Hajakataa, lakini amemwonyesha kwamba siku ina saa zake. Akiitwa Jumapili, ataje malipo mapema na kwa utaratibu, "Jumapili nitakuja, Mama Ivy, tutafanya ya siku ya mapumziko." Kwa kima cha chini, ambapo saa moja huhesabiwa kwa kugawa mshahara wa mwezi kwa 225, saa ya siku ya mapumziko inafikia takriban shilingi 143. Saa tano ni zaidi ya 700. Si pesa ya kumvunja mwenye gari, na kwa Raila ni chakula cha siku mbili.

Kisha aandike. Ujumbe mfupi wa simu unatosha: "Nimefika leo Jumapili kama ulivyoniambia, nimeanza saa tatu." Ujumbe huo pamoja na rekodi za M-Pesa ni ushahidi ambao hautegemei kumbukumbu ya mtu. Migogoro ya ajira ya wanaolipwa hadi shilingi 80,000 kwa mwezi husikilizwa na mahakimu walioteuliwa, si lazima kufika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kikazi, na aliyefukuzwa isivyo haki anaweza kupewa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Afisa wa leba hupokea malalamiko bila malipo. Chama cha KUDHEIHA kinawasajili wafanyakazi wa nyumbani pamoja na wa hoteli, shule na hospitali.

Lakini njia yenye nguvu zaidi iko katika chama, namaanisha vile vikundi vya akiba vya wanawake na vijana ambavyo Kibera na Kawangware zimejaa. Mama mwenye mahali pa kukopa sare za Januari nje ya nyumba ya mdosi ana sauti nyingine akiombwa zulia. Vikundi hivi vingeweza kwenda hatua moja mbele, vikakubaliana bei: nguo za wiki kiasi fulani, blanketi kiasi fulani, zulia kiasi fulani, kumtazama mtoto kwa saa kiasi fulani. Mmoja akidai peke yake huonekana mkaidi na kesho huitwa mwingine. Wakidai wote, inakuwa bei ya mtaa, kama ilivyo bei ya mtungi wa maji ambayo hakuna anayebishana nayo.

Na sehemu kubwa ya jambo hili si ya mfanyakazi kulitatua. Ni ya anayeomba. Wengi wa waajiri hawa si matajiri wakubwa. Ni walimu, makarani na wauguzi ambao nao kazini kwao wanaombwa na wakubwa wao waje Jumamosi, na wanajua uchungu wake. Kwako wewe unayesoma haya ukiwa na mtu anayekufulia, anayekulelea au anayekufungulia geti: chukua karatasi leo umwandikie kazi zake, saa zake na bei ya ziada, mweke SHA na NSSF, na ukimwomba jambo nje ya hayo, mwambie waziwazi kwamba anaweza kukataa. Na wewe uliyeacha kazi au kufukuzwa ukiwa unadai Jumapili zako, dai la ajira hupotea miaka 3 ikipita tangu haki ilipovunjwa, au miezi 12 tu tangu uvunjaji ukome ikiwa ulikuwa wa mfululizo. Nenda kwa afisa wa leba kabla ya hapo.